Kipande cha Neno Tu

Haya ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki. Siku niliyomaliza kuirekebisha programu ya mke wangu, hata redio ya jirani ilinyamaza kwa heshima.

Mke wangu ni fundi cherehani. Zamani, akitafuta oda ya mteja kwenye kompyuta, ilimbidi aandike neno zima. Mimi, mstaafu niliyejifundisha mwenyewe, nikaifanya ipate neno hata kwa kipande. Kwa majivuno nikaiunganisha na meseji za simu zetu zote mbili.

"Kipande chochote?" aliuliza, akinikazia macho.

"Chochote, mama watoto. Ikishindwa, naosha vyombo mwezi mzima. Ikiweza, unaniruhusu biskuti moja kila Ijumaa, daktari aseme asemavyo."

"Hizo ambazo hujazigusa tangu mwaka jana?"

"Hata harufu yake nimeisahau."

Hakucheka. Kidole chake, chenye alama ndogo ndogo za sindano, kilining'inia juu ya kibodi. Kisha akaandika polepole: skuti.

Nilitamani umeme ukatike.

Programu haikusita. Ilileta mstari mmoja, meseji yangu ya asubuhi kwa kinyozi: "Mabiskuti yangu yafiche nyuma ya taulo, nakuja saa kumi."

"Inafanya kazi vizuri sana," alisema.

"Basi mshindi ni mimi."

"Ni wewe, baba watoto." Alinyoosha kiganja. "Haya, saa kumi imeshapita: mfuko wa koti."

Nikatoa ya kwanza, nikatoa ya pili, kisha ile niliyokwisha kuiuma.