Mstari Uliomezwa

Fundi wa programu alisugua macho yaliyomwiva kwa kutazama skrini tangu asubuhi. Kumbe kila watu wawili walipobadili mstari uleule wa programu, chombo chao cha kuunganisha kazi kilimeza badiliko la kwanza kimyakimya. Na wenzake wawili wa meza ya jirani hawapikiki chungu kimoja, kila mmoja akidai mwenzake anamfutia kazi.

Alikirekebisha kisimame, kionyeshe mabadiliko yote mawili, kiulize. Kisha akasema kwa sauti iliyochoka, "Jamani, njooni wote wawili."

Walisimama kulia na kushoto kwake, hawatazamani. Kwenye skrini mistari yao ilikaa juu na chini, pamoja na swali: ubaki upi?

Yule mkubwa kwa umri aliinama, akausoma mstari wa mwenzake.

"Huu wako," alisema taratibu, "sijawahi kuuona."