Ndimu na Dele la Shaba

Sikukuu ilikaribia, na Zuwena alikaa barazani akilisugua dele la kahawa kwa ndimu na chumvi. Daktari alikuwa amemwambia shaba imemjaa kwenye ini. Alimpa dawa ya kuitoa, akamkanya: "Usiongeze kidonge kingine bila kuniuliza."

Wifi yake, Mishi, aliingia na kichupa.

"Vitamini hizi, wifi. Wenyewe wanaziita antioksidanti, yaani za kuzuia kutu mwilini. Nguvu yake ni ile ile ya ndimu. Tazama unavyolitakatisha hilo dele! Na ini lako litatakata vivyo hivyo."

Zuwena akatazama. Kweli, kila alipopitisha ndimu, shaba iling'aa kama mpya. Daktari hakuwa amemweleza sababu, na huyu wifi alikuwa na ushahidi mbele ya macho. Akapokea kidonge kimoja.

"Haya, niletee maji."

Mishi alipokwenda mtungini, Zuwena akalisuuza dele kwa mkono wa pili. Maji katika beseni jeupe yakageuka kijani. Akayainamia.

"Wifi, shaba iliyotoka kwenye dele imekwenda wapi?"

"Si hiyo hapo kwenye maji? Yamwage."

"Na shaba ya mwilini mwangu nitaimwaga wapi?"

Mishi akarudi na kikombe cha maji. Akakiweka kando ya beseni.

Zuwena hakukimeza kidonge, wala hakukitupa. Kiganja chake kilikuwa bado kimelowa ndimu, na kidonge kikaanza kuyeyuka, rangi yake ya machungwa ikitambaa polepole katika mistari ya mkono.