Bei ya Wazee

Mzee Ouma alifunga marobota mawili ya uzi wa nyavu nyuma ya baiskeli, akayafunika kwa koti lake, kisha akatazama nyuma mara mbili kabla ya kupanda. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua kali. Aliondoka bila kuaga.

Jentrix alimwona kupitia dirisha la duka. Akavuta mlango, akatia kufuli, akachukua baiskeli ya baba yake na kumfuata. Wiki tatu alikuwa amengoja Alhamisi kama hii.

Duka lilikuwa la baba yake, Waliaula, aliyetoka Bungoma akiwa kijana, akauza nyavu na ndoana Kisumu kwa miaka thelathini. Kila Alhamisi, mteja aliyepita miaka sitini alipunguziwa robo ya bei. Tangu baba yake apooze upande mmoja, mwaka wa tisini na tano, Jentrix ndiye aliyesimama kaunta, na mpango huo ulimkera.

"Baba, kijana mwenye watoto wanne analipa bei yote," alimwambia siku moja. "Mzee Ouma ana mashua, na yeye ndiye tunampunguzia. Hiyo ni haki gani?"

"Kijana ana mikono," Waliaula alijibu kutoka kitandani, kwenye chumba cha nyuma, maneno yakimtoka kwa taabu. "Niachie wazee wangu."

Kila Alhamisi Waliaula aliamka kabla ya watu wote. Alitaka anyolewe, avalishwe shati safi, na mlango wa chumba chake uachwe wazi, asikie wazee wakibishana kaunta.

Kisha magugumaji yalifunga ziwa. Wavuvi waliacha kuja. Wiki nyingine hakuja mtu ila Mzee Ouma na wenzake wanne, na wote walinunua kwa bei ya wazee. Jentrix alishukuru, mpaka Awuor muuza samaki alipomuuliza, "Uzi wanaupeleka wapi? Pale Dunga hakuna mashua inatoka. Mimi mwenyewe nafuata samaki Homa Bay."

Usiku ule Jentrix hakulala. Aliona jambo lote wazi. Wazee wananunua rahisi kwake, wanauza ghali kwa wavuvi wa mbali. Wanamla baba yake angali hai, na yeye anawavalia shati safi.

Sasa aliendesha nyuma ya Mzee Ouma, mbali kidogo. Mzee alipita ufuo wa Dunga bila kusimama. Ziwa lilikuwa kijani kitupu, kama shamba lisilolimwa. Akakata kushoto, akasimama mbele ya kibanda cha mabati, akatoa ufunguo.

Jentrix aliitupa baiskeli chini, akafika mlangoni kabla haujafungwa.

"Mzee Ouma!"

Mzee alishtuka hata robota moja likamponyoka.

"Mnamuuzia nani?" Jentrix alifoka. "Baba yangu anawaita ndugu. Hawezi hata kuvaa shati mwenyewe, na nyinyi mnamfanyia hivi? Niambie, ama naenda kwa chifu sasa hivi."

"Punguza sauti, nyathina, mwanangu."

"Sipunguzi! Mnamuuzia nani?"

Mzee Ouma aliinama, akaokota robota. Kisha akausukuma mlango wote.

"Ingia basi uone."

Ndani kulijaa mpaka juu. Marobota ya uzi, vielea, paketi za ndoana, vipande vya nyavu. Jentrix alivuta robota la chini kabisa na vumbi likamwingia puani. Karatasi yake haikuwa imechanwa. Bei ilikuwa imeandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu, mwandiko wake mwenyewe, wa ile Alhamisi ya kwanza aliposimama kaunta. Akavuta lingine. Nalo halikuwa limefunguliwa. Akafungua paketi ya ndoana. Zote zilikuwa bado na mafuta ya kiwandani, haikupungua hata moja.

"Hamjauza kitu," alisema polepole.

"Tumuuzie nani?" Mzee Ouma aliketi juu ya robota alilokuja nalo, akipangusa jasho kwa kiganja. "Ile siku baba yako alipopooza, tulikuwepo pale wodini, sisi watano. Daktari alisema baba yako hawezi mshtuko mwingine. Na wewe tayari ulikuwa unasema duka lina wateja wachache, heri lifungwe. Likifungwa, Waliaula atabaki na nini? Tukakaa hapa tukakubaliana. Kila Alhamisi lazima asikie watu."

Jentrix alitafuta mahali pa kushika, akashika ukuta wa mabati. Ulikuwa wa moto. Hakuutoa mkono.

"Lakini pesa, Mzee," alisema. "Ziwa limefungwa. Pesa zote hizi mmekuwa mkitoa wapi?"

Mzee Ouma akaonekana kushangaa kwamba hilo nalo lahitaji kuulizwa.

"Si tuliuza mashua," alisema. "Na kwa bei ya vijana, nyathina, pesa zingekuwa zimekwisha tangu Krismasi."