Benchi la Raskazone

Siku hizi mabenchi ya Tanga huwakumbuka watu waliowahi kuyakalia pamoja, na mmoja wao akirudi, hujipanga upya kwa vimo vya wote wawili.

Jumapili mimi na mke wangu Mwanatumu tulizunguka mjini taratibu, tukanunua mihogo ya kukaanga, tukaishia bustani ya Raskazone.

"Huku sijawahi kufika," alisema, akajitupa kwenye benchi.

Upande wake ukashuka, ukaitosha miguu yake mifupi sawasawa. Kisha upande wa pili, uliokuwa mtupu, ukainuka na kupanuka.

Mwanatumu akainamia mihogo.

"Kaa basi, baba Shani, inapoa."

Nikakaa. Miguu yangu ikabaki inaning'inia, haigusi chini.