Miaka Tisa Iliyobaki

Mshonaji alivua viatu chini ya benchi la mahakama, maana miguu ilikuwa imevimba tena. Hii ilikuwa mara ya kumi na moja kukaa kwenye korido hiyo. Mara zote kumi zilizotangulia aliambiwa arudi: jaji anaumwa, faili halionekani, wakili wa serikali yuko safarini.

Mwanamke aliyeketi kando yake alimwuliza kesi yenyewe ni ya nini. Akamweleza kwa kifupi. Kuna dereva wa lori, aliyeingia nchini akiwa mtoto na kupewa uraia ukubwani. Alifungwa kwa kuua. Sasa Waziri amemwandikia barua ya kumvua uraia. Akishavuliwa, atatolewa gerezani na kuvushwa mpaka, arudi alikozaliwa, akaishi huko huru.

"Pole sana, mama," yule mwanamke akasema. "Mungu atakusaidia, mwanao asipelekwe mbali."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Binti yake alikuwa amemsihi aachane na jambo hilo, kwamba majirani wanawasema, na kwamba mtu yule hastahili hata siku moja ya uzee wa mama yake. Tangu kesi ianze, binti hakuwahi kukanyaga mahakamani.

Dereva mwenyewe hakuwa ameomba lolote. Barua ya Waziri aliipokea, akatia sahihi kuwa ameiona. Ni mshonaji aliyefunika cherehani yake, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kumtafuta wakili. Alipojitambulisha, wakili aliweka kalamu chini. Kisha akamwambia kuwa katiba inamruhusu mwananchi yeyote kwenda mahakamani inapovunjwa, hata aliyeonewa akiwa mtu mwingine.

Saa nane wakaitwa ndani. Dereva aliletwa na askari magereza, amekonda, mvi zimemjaa. Macho yake hayakumfikia mshonaji.

Jaji alisoma kwa sauti iliyochoka, karibu saa nzima. Katiba imetaja sababu za kumvua mtu uraia, alisema, nazo zinahesabika. Kupatikana na hatia ya kuua hakumo. Bunge haliwezi kuchomekea sababu nyingine kwa sheria ya kawaida, wala Waziri hawezi kumtupa raia nje kwa kuwa gereza limejaa. Barua ikafutwa. Dereva ni raia na atabaki raia. Arudishwe gerezani, amalize miaka tisa iliyobaki.

Dereva akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Watu wa viti vya nyuma wakanong'onezana kuwa analia kwa furaha.

Wakili alimpa mshonaji mkono. Mshonaji akajikokota hadi mlangoni, akamwomba askari dakika moja. Askari akakubali, na dereva akasimama mbele yake, pingu mikononi.

"Ungeniacha tu niende, mama," dereva akasema.

"Mume wangu ulimuulia hapa," mshonaji akamjibu taratibu. "Na kifungo chake utakimalizia hapa hapa."