Nusu ya Dereva

Muuguzi alipitisha kipimo juu ya kifua cha fundi cherehani. Kwenye skrini moyo ulijikunja kidogo tu, kama ngumi ya mtu aliyeishiwa nguvu.

"Mzee wangu, vile vidonge vya majaribio unavimeza kila siku?"

"Bila kukosa. Nusu ya kwangu, nusu ya dereva." Fundi akacheka. "Yule tuliyelazwa naye, vitanda ubavu kwa ubavu. Si mlisema mmoja anaweza kupewa dawa na mwingine unga mtupu? Basi tunavikata kwa mkasi wangu, tunagawana. Ikiwa ni bahati, iwe yetu sote. Ikiwa ni nuksi, vilevile."

Mkono wa muuguzi ukaganda palepale kifuani.

"Mwanangu, mbona unanikandamiza?"

Muuguzi akakiinua kipimo. Asubuhi hiyo mke wa dereva alikuwa amempigia simu kutoka mochwari.

Fundi akapapasa shati lake kitini, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na nusu kidonge, ukingo wake umenyooka kama pindo.

"Leo kachelewa, si kawaida yake. Akija, mpe," alisema. "Na umdai nusu yangu."