Mdomo wa Mpira

"Vuka mtaro, kaka! Nyumba ya mama inateketea!"

"Ng'ambo ya mtaro ni manispaa nyingine, dada. Gari lao liko njiani."

"Njiani tangu saa nane! Moto unajua mpaka?"

Mzimamoto akaligeukia gari lake. Funguo za gari anazo bosi, na bosi kakataza kuvuka. Akabeba mpira begani, akaruka mtaro, akapiga goti kwenye bomba la zimamoto la ng'ambo.

Mdomo ukakataa kuingia. Akasukuma, akazungusha, vidole vikachubuka. Tangu manispaa zigombane, kila moja inanunua midomo ya saizi yake, jirani asije akachota maji.

Paa likaporomoka.

Dada akautazama ule mpira mkavu.

"Haya, kamwambie bosi wako hukuwaibia wa ng'ambo hata tone."

Akageuka, akamfuata mama aliyekaa barabarani.